Wafo ya Unga wa Nazi na Kifuniko Kisichotulia

Benchi letu liko nje ya duka la kinyozi, na kinyozi ni mimi, kwa hiyo nikisema letu mjue ni langu. Niliwahi kuandika ukutani kwamba ni la wateja wanaosubiri zamu. Mmoja tunayemwita Hali ya Hewa akaniambia na yeye anasubiri zamu, ila asiulizwe zamu ya nini. Huyo ni mzee mstaafu, alimaliza ujana wake ofisi ya utabiri wa mvua, na hadi leo ukimwambia kichwa kinauma atakuuliza upepo ulikuwa unatoka upande gani. Wa pili ni Spana, fundi pikipiki, mtu mwema ila mikono yake haijui kuacha kitu kilivyo. Wa tatu ni Cherehani, fundi nguo, jirani yangu wa ukuta mmoja. Mimi naleta chupa ya kahawa, wao wanaleta midomo. Jumamosi hiyo Spana alikuwa amekaa kwenye kiti changu, shavu la kulia limeshanyolewa, la kushoto bado, Cherehani akaingia na mzigo umefungwa kwenye kipande cha pazia. Akachomoa mashine yangu ya kunyolea bila hodi, akachomeka ya kwake, akavuta waya mpaka nje, akaiweka benchini.

Mimi: We! Nina mtu nusu uso hapa!

Cherehani: Atasubiri. Ndevu haziendi kokote.

Spana: Hiyo nini, pasi?

Cherehani: Mashine ya wafo ya mke wangu. Na mkinicheka naondoka.

Hatukucheka. Wafo za shemeji tunazijua, ule mkate wa vyumba vyumba unaobanwa kati ya vyuma viwili vya moto, nje unalia ukitafunwa, ndani laini. Kila Jumapili asubuhi harufu yake inaingia kwangu kwa dirisha la nyuma, na muda si mrefu inafuata sahani iliyofunikwa. Nawaambia ukweli, wiki yangu inaanza na ile sahani.

Hali ya Hewa: Mwenyewe anajua umeichukua?

Cherehani: Angejua ningekuwa hapa? Nisikilizeni. Tumbo lake limegombana na nafaka. Daktari amekata zote. Ngano, mahindi, mchele, mtama, hata chembe. Lakini Jumapili bado anatupikia, mimi na wajukuu. Tunakula, yeye kakaa na kikombe cha chai, anasema ameshiba harufu.

Spana: Du.

Cherehani: Natafuna nimeinamisha kichwa kama nimeiba. Jumapili iliyopita nikasema na mimi sili. Akaniangalia, akasema basi na iwe mwisho, Jumapili hii, yaani kesho, anapika mara ya mwisho halafu mashine anamgawia dada yake. Mashine hii, jamani! Alikuja nayo siku ya kwanza, kabla hata hatujawa na kitanda.

Akaanza kukunja lile pazia, kona kwa kona, kama anavyokunja suruali za watu. Mimi nikammiminia kahawa.

Cherehani: Nimeambiwa unga wa nazi unafaa. Hauna nafaka, na daktari mwenyewe kasema nazi ruksa. Nataka kesho asubuhi nimpikie yeye. Ale na sisi. Basi, sina lingine.

Hali ya Hewa: Tatizo liko wapi?

Akafunua bakuli alilokuja nalo mzigoni, pamoja na unga, mayai, maziwa na siagi. Ndani mlikuwa na kitu cha kuzibia nyufa.

Mimi: Umepimaje?

Cherehani: Kama ngano. Nilimwona akipima miaka yote. Kipimo ni kipimo.

Hali ya Hewa: Kipimo si kipimo. Hebu fikiri, mnazi umezaliwa ufukweni, umezoea maji. Unga wake una kiu ya ukoo. Huo umekunywa maziwa yote na bado unatazama birika.

Nakiri hapo mzee alisema la maana, na ndilo lililotuponza, kwa sababu akishasema moja la maana hanyamazi tena.

Hali ya Hewa: Na leo hewa ni kavu. Wafo ya leo haiwezi kushikana mpaka upepo ugeuke saa saba.

Spana: Mzee, upepo na wafo wapi na wapi? Hii ni injini. Kuna moto, kuna mgandamizo. Kinachokosekana ni kishikizo. Ngano ina gundi yake ndani, nazi haina. Tia yai!

Cherehani: Nilitia.

Spana: Moja? Kaka, moja ni la kusalimia. Haba na haba hujaza kibaba.

Akatoka kitini, akavunja la kwanza, la pili, la tatu, shavu moja linang'aa na la pili lina msitu. Cherehani akatia siagi iliyoyeyushwa, maziwa tena, chumvi. Wakakoroga, wakamwaga upawa mmoja, wakafunga kifuniko. Mvuke ukaanza kutoka pembeni, fyuuu, na hapo ndipo shida yetu ilipo. Sisi watu wa benchi hili hatuwezi kuona kitu kimefunikwa. Gari likisimama mtaani tunachungulia, mtu akipita na mfuko tunauliza. Kifuniko kile kilikuwa hakijapata joto vizuri Spana akakishika.

Mimi: Acha!

Spana: Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako!

Akafunua. Nusu ya wafo ikabaki juu, nusu chini, katikati uji. Cherehani akaikwangua kwa mwiko.

Hali ya Hewa: Upepo. Nilisema mimi.

Mimi: Upepo gani, huyu kafungua!

Hali ya Hewa: Manahodha wengi chombo huenda mrama. Ndiyo faida ya kuwa wengi, kikienda mrama halaumiwi mtu.

Tukarudia. Safari hii mzee ndiye aliyefunua, eti anakagua mawingu. Ikapasuka. Tukarudia tena. Safari hii nilifunua mimi, na msiniulize kwa nini, mkono ulikwenda wenyewe. Ikapasuka. Kila mtu sasa alikuwa anatia kitu kwenye bakuli kwa siri ya wenzake. Nilimwona Spana na yai lingine nyuma ya mgongo. Nilimwona mzee akimimina maziwa kwa jicho moja limefumbwa. Mimi nilitia unga kidogo tu, maana niliona wanaharibu.

Cherehani: Basi. Nazi haishindani na jiwe. Nirudishe mashine kabla hajajua.

Mimi: Mwaga moja ya mwisho.

Cherehani: Ya nini? Kesho atakaa na chai yake kama kawaida, halafu kitu chake kinakwenda kwa shemeji yangu, ambaye hata chai inamuungulia.

Akamwaga lakini. Akafunga. Spana akaanza kunyoosha mkono, na sijui shetani gani akampitia kichwani, akausimamisha hewani.

Spana: Halafu jamani. Nazi yenyewe, ukiifukia ardhini, si inachipua?

Hali ya Hewa: Inachipua.

Spana: Basi ni mbegu. Na mbegu ni nafaka! Kaka, unataka kumuua shemeji!

Cherehani akageuka na mwiko mkononi.

Cherehani: Umesemaje?

Hali ya Hewa: Huyu hajui kitu. Nazi ni tunda.

Spana: Tunda gani unalipasua kwa shoka? Tunda linaliwa na ganda lake.

Mimi: Ndizi je, unakula na ganda?

Spana: Ndizi ni mboga.

Hali ya Hewa: Mtoto wa watu umelaaniwa! Embe lina mbegu, embe ni nafaka? Boga?

Spana: Boga ndiyo kabisa, boga ni ghala!

Mimi: Kwa hiyo na kuku ni nafaka, maana katoka kwenye yai?

Spana: Kuku anakula nini? Mahindi! Jumlisha mwenyewe!

Cherehani: Daktari kasema ruksa! Nilimuuliza mara mbili mpaka akanitazama hivi!

Hali ya Hewa: Mgaagaa na upwa hali wali mkavu!

Mimi: Shemeji wali haruhusiwi kabisa, mkavu wala wenye mchuzi! Unatusaidia nini?

Tulikuwa wote tumesimama. Spana anazunguka na taulo langu shingoni, mzee anachora mnazi vumbini kwa fimbo, kila mzizi na jina lake. Cherehani, mtu mpole ambaye sindano ikimchoma huiomba radhi, alikuwa anapiga benchi kwa mwiko. Ile mashine ikakaa peke yake. Ikaacha kutoa mvuke. Hakuna aliyeiona.

— Mashine yangu inafanya nini kwenye benchi la vinyozi?

Tukageuka. Shemeji mwenyewe, kanga kiunoni, mkono mmoja una dodoki. Alitaka kuisafisha kwa ajili ya kesho, akaikosa, akafuata kelele. Benchi hili hajawahi kulikalia hata siku moja. Alitutazama mmoja mmoja, akafika kwa Spana, akamtazama mara mbili, kila upande mara moja.

Cherehani: Mama watoto, nilitaka...

Hakumsikiliza. Alivuta pua. Akainama, akashika kifuniko, na nakwambia sote wanne tulipiga kelele pamoja:

— Usifungue!

Akafungua. Kikanyanyuka chenyewe, bila kung'ang'ania. Ndani kulikuwa na wafo nzima, ya rangi ya asali, vyumba vyote vina kuta.

Shemeji: Hii ya nani?

Cherehani: Yako. Haina nafaka. Ni nazi. Nilitaka kesho ule na sisi.

Akaikata kwa vidole, moto vile vile. Ikalia. Akatia mdomoni, akafumba macho, akatafuna taratibu mno. Nilijifanya natafuta kitana changu. Mzee alikuwa anafuta ule mnazi kwa kiatu. Shemeji akamaliza kipande cha kwanza, akala cha pili, akalamba kidole, akafuta macho kwa pindo la kanga, akamwangalia mumewe.

Shemeji: Baba watoto. Mmefanyaje?

Cherehani akamtazama Spana. Spana akamtazama mzee. Mzee akatazama mbinguni. Mayai mangapi? Hakuna ajuaye. Maziwa kiasi gani? Unga nani kaongeza? Mimi nikakuna kichwa. Ilibidi mtu aseme ukweli, na duka ni langu.

Mimi: Tuligombana, shemeji.

Alicheka. Alicheka mpaka akashika benchi, halafu akalikalia. Akachukua bakuli, akamwaga upawa uliobaki, akafunga kifuniko, akaweka dodoki juu yake ili mtu asiguse.

Shemeji: Haya. Gombaneni tena.

Tukakosa la kugombania. Chupa ya kahawa niliitikisa, ilikuwa tupu. Spana alikohoa. Mvuke unatoka, fyuuu, na mikono yetu yote imeanza kuwasha.

Cherehani akasogea, akakaa karibu na mkewe, akasema kwa sauti ya chini:

— Unga nilipima vikombe viwili.

Shemeji: Kimoja. Umezoea kuzidisha.

Cherehani: Viwili, mke wangu, nilipima mwenyewe.

Shemeji: Kwa kikombe kipi? Kile cha mkono uliovunjika? Kile ni nusu!

Cherehani: Nusu? Kile?

Tukakaa, tukapumua: ugomvi umepatikana. Kifuniko hakikuguswa na mtu.