Anko Hesketh Ameshatoka na Nyundo Zake

VERNA: Haloo, haloo! Nani mwenzangu?

ODETTE: Anti Verna, shikamoo. Odette hapa.

VERNA: Marahaba, mwanangu. Odette wa bendi au Odette wa kwaya?

ODETTE: Wa bendi, Anti. (Krrr... krrr.) Niko ukumbini, huku chini, mtandao wenyewe wa taabu—

VERNA: Si upande ngazi? Sauti inakuja vipande vipande.

ODETTE: Juu kumejaa washona mabawa ya kanivali, watanisikia. Anti, Anko Hesketh yupo?

VERNA: Ameshatoka. Kanywa chai, kafunga tai, kachukua mfuko wake wa nyundo. Jumamosi ya kanivali hiyo, Odette, mtuni mapipa ya muziki ya bendi, mwenye kuyaweka sauti kwa nyundo, akae nyumbani afanye nini? Anihesabie sufuria?

ODETTE: (Krrr.)

VERNA: Haloo? Umepotea?

ODETTE: Nipo. Ametoka zamani?

VERNA: Basi lenyewe limeshampitisha Harehills sasa hivi. Kuna nini? Mtu amekufa?

ODETTE: Hapana, hapana. Hakuna aliyekufa.

VERNA: Basi sema. Wewe nimekufunga nepi mimi, usinizungushe.

ODETTE: Anti... unamjua Kelvin wa London?

VERNA: Kelvin yupi? Yule kijana mrefu anayetuni mapipa ya bendi za kule?

ODETTE: Huyo. Amevunjika mkono. Amenipigia leo asubuhi, hawezi kuja.

VERNA: Maskini. Lakini aje huku Leeds kufanya nini? Sisi tuna mtuni wetu.

ODETTE: Huwa anakuja, Anti. Kila mwaka. Jumapili, watu wakiwa kanisani.

VERNA: Anakuja kufan— Odette.

ODETTE: Abee, Anti.

VERNA: Anayatuni upya?

ODETTE: Yote. Anko akishamaliza Jumamosi, Kelvin anayarudia Jumapili.

VERNA: Tangu lini?

ODETTE: Miaka mitatu sasa. Unakumbuka ule mwaka tulipopita Chapeltown, watu wakaanza kutuuliza kama tumekunywa? Hatukuwa tumekunywa. Mapipa yalikuwa yanalia kila moja na njia yake.

VERNA: Mlisema mvua. Wewe mwenyewe ulikuja hapa ukakaa kwenye kiti hiki ukamwambia ni mvua.

ODETTE: Ningemwambia nini? Yeye ndiye aliyenishikisha vijiti nikiwa sijaota meno ya mbele! (Krrr.) Sote ametufundisha yeye. Hakuna aliyethubutu.

VERNA: Na kila Jumatatu ya kanivali anarudi hapa miguu imevimba, naiweka kwenye beseni, ananiambia, Verna, umeisikia ile bendi? Yale ni masikio yangu yale.

ODETTE: Anti, usilie.

VERNA: Nani analia? Nakata vitunguu. Nilijua masikio yanaondoka. Birika linapiga filimbi mpaka linakauka, yeye amekaa hapo hapo na gazeti. Simu yake hii hapa juu ya friji, habebi tena, anasema haiiti. Inaita, Odette! Inaita mpaka jirani anagonga ukuta.

ODETTE: Si alipewa vile vifaa vya masikio?

VERNA: Viko kwenye soksi. Anasema vinamzeesha. Mtu ana miaka themanini na moja!

ODETTE: (Anacheka kidogo.) Anko huyo.

VERNA: Mimi nikapaaza sauti tu. Nikasema, ilimradi mapipa bado anayasikia, Mungu amemwachia hayo. Ndivyo nilivyojidanganya.

ODETTE: Sasa sikia, Anti. Mapipa yako sawa. Nimeyapiga yote leo. Kazi ya Kelvin ya mwaka jana bado imeshika. Tukiyaacha tu yalivyo mpaka Jumatatu, hatuna tatizo—

VERNA: Tatizo ni mume wangu.

ODETTE: Sikusema hivyo.

VERNA: Umesema.

ODETTE: Nilitaka nikuombe umzuie. Useme unaumwa, useme chochote. Sikujua kama ameshatoka.

VERNA: Funga mlango basi! Mwambie ufunguo umepotea.

ODETTE: Ana ufunguo wake. Huu wangu mimi ni yeye aliyenichongea.

VERNA: Yafiche mapipa.

ODETTE: Nitayaficha wapi, chini ya gauni? Ni mapipa, Anti!

VERNA: Basi mwambie. Kwa upole. Akae, umpe maji, umwambie.

ODETTE: Wewe ni mkewe.

VERNA: Na wewe ni kiongozi wa bendi.

ODETTE: Wewe umekaa naye miaka hamsini, mimi ni mtoto tu kwa— (Mlango unajibamiza.) Anti. Ameingia.

VERNA: Nipe niseme naye. Haraka, mpe simu.

ODETTE: Anko! Shikamoo, Anko! Simu! NI ANTI VERNA!

HESKETH: Verna? Nimefika salama. Basi lilikuwa tupu, nimekaa mbele kama bwana harusi.

VERNA: Hesketh, nisikilize. Usiyaguse hayo mapipa.

HESKETH: Eeh, nimekula, nimekula. Chai yako ya asubuhi imenishibisha.

VERNA: Hesketh! Masikio yako yamekwisha. Yamekwisha, baba. Hujayatuni wewe hayo mapipa, miaka mitatu sasa anayatuni mtu mwingine. Rudi nyumbani, nakuomba.

HESKETH: Haya, haya. Nitapitia mkate. Ule mkubwa?

VERNA: Umenisikia nilichosema?

HESKETH: Simu za siku hizi zinanong'ona tu. Nitakuja na mkate. Kazi inaningoja, mama. Shika, Odette.

ODETTE: (Krrr.) Anti? Umemwambia?

VERNA: Nimemwambia.

ODETTE: Yote?

VERNA: Yote. Ndiyo mara ya kwanza yametoka mdomoni mwangu. Ataleta mkate.

ODETTE: Ee Mungu. Anavua koti. Anakunja mikono ya shati. Ameinamia pipa la kwanza. (Ting.)

VERNA: Nimelisikia. Hilo liko sawa kabisa.

ODETTE: Liko sawa. Amelipiga, sasa ananitazama.

VERNA: Anakutazama nini?

ODETTE: Usoni. Ndivyo afanyavyo. Anapiga, ananitazama, nikiitikia kwa kichwa anahamia lingine. Nilidhani ananipa heshima, kiongozi na nini—

VERNA: Anakusoma, Odette. Hata mimi ananisoma hivyo hivyo mezani, nikiongea. Kwa hiyo anajua.

ODETTE: Sidhani kama anajua. Au... sijui, Anti, sijui.

VERNA: Itikia basi! Itikia sasa hivi, kabla hajalishika na nyundo!

ODETTE: Naitikia! Naitikia mpaka shingo inauma. ANKO, HILO SAFI! USILIGUSE!

HESKETH: (Kwa mbali.) Pipa likae mwaka mzima liwe safi? Mtoto wewe, nani kakufundisha uvivu?

ODETTE: Ametoa nyundo. (Ko. Ko. Ko. Ting.)

VERNA: Aa-a. Hilo limeshuka.

ODETTE: Limeshuka. Ananitazama tena.

VERNA: Usiitikie sasa. Uso mkavu.

ODETTE: Uso mkavu. (Ko. Ko. Ting.) Limezidi kuharibika! Nisipoitikia anaendelea kupiga, Anti, analizika kabisa!

VERNA: Mshike mkono.

ODETTE: Nimshike Anko Hesketh mkono, na nyundo yake?

VERNA: Basi mtikisie kichwa cha hapana. Mara moja tu. Aone. Umetikisa?

ODETTE: Nimetikisa kidogo. Amesimama tu, Anti. Nyundo iko juu. Hapigi.

VERNA: Anasema nini?

ODETTE: Hasemi. Amegeukia mlangoni kama kuna mtu aliyeingia. Hakuna mtu. Sasa ameweka kiganja juu ya pipa, analipapasa. (Ting... ting.) Analipiga polepole na kuliinamia, sikio limegusa chuma.

VERNA: Mwanangu, usimwache hivyo.

ODETTE: Nifanye nini? Ukisema niitikie, atahamia lingine na lingine, bendi imekwisha. Jumatatu tutachekwa na Leeds nzima.

VERNA: Sijui. Mimi niko jikoni na kitunguu mkononi, nakwambia nini? Sijui.

ODETTE: Ananitazama, Anti. Machoni kabisa. Kama mtoto aliyevunja sahani.

VERNA: Odette...

ODETTE: (Kimya.)

VERNA: Odette? Umeitikia?

ODETTE: Nimeitikia.

VERNA: Na yeye?

ODETTE: Amecheka. Amefuta jasho kwa tai. Sasa analivuta la pili, na mluzi juu. (Krrr.) Anti, chaji yangu inakata—

VERNA: Yamebaki mangapi?

ODETTE: Thelathini na—