Jiwe la Kuanikia Samaki

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Polikarpo, kaa mkono wa kulia. Justa, geuka, leo usimpe mdogo wako mgongo. Niinueni kidogo. Hivyo, inatosha. Mnausikia mtumbwi? Unagonga nguzo ya dungu letu hili la miguu mirefu. Juzi ulikuwa unagonga kwa nguvu hata wajukuu wakashindwa kulala, leo unaigusa tu. Maji yanaondoka bondeni, na yakishakauka askari wa Mjerumani watakuja kwa miguu mpaka hapa, kama walivyokuja Kiberege wakatia moto ghala zetu. Safari hii hamtakuwa na pa kukimbilia. Kwa hiyo nitakayosema yashikeni, kulia mtalia mkishavuka.

Mnalijua jiwe lile hapo chini, pale kwenye mwinuko usiofikwa na maji, mnaloanikia samaki. Nani aliyelichora, sijui, na bibi yangu hakujua. Ila kila aliyelitazama aliona la kwake. Yule mganga aliyeleta dawa ya vita alisema mistari ile ni njia za mikuki, zote zinaelekea boma la Mahenge, na kaka yenu mkubwa akamwamini, akaenda, na risasi za boma hazikugeuka maji. Akaja Mzungu na karatasi na mkaa, akalisugua kutwa nzima, akasema ni maandishi ya wageni wa zamani kwa kuwa watu wa hapa hawawezi. Nilicheka mpaka nikakohoa. Na wewe Polikarpo, uliporudi kutoka misheni na jina lako jipya, ambalo mpaka leo linanikwaza mdomoni, ulilipigia magoti ukitafuta herufi. Uliipata hata moja? Haya.

Jiwe lile ni bonde letu. Mistari ni mikondo ya maji, kuanzia hapa tulipo hadi kule Mchombe kwa mama yenu mdogo. Vishimo vya duara ni vilima visivyozama, vya kupumzikia. Lakini halisomwi kavu. Baba yenu alilisoma kavu. Alikuwa na haraka zake, akaona mfereji mnene kuliko yote, akadhani ndiyo njia kubwa, na mtumbwi tuliuona baadaye umepinduka, yeye hatukumwona. Nilikuwa ninamwita kutoka hapa juu. Hakugeuka.

Justa, usilie, sikiliza. Unatazama nguzo ya dungu, maji yamefika wapi, unajaza kibuyu kadiri hiyo hiyo. Mto ukijaa, kibuyu kijae, mto ukishuka, nacho kipungue. Kisha unamimina pale juu, kwenye kichwa cha jiwe, polepole, unakaa kimya. Mfereji ambao maji yanaukimbilia, huo ni mkondo mkali, uacheni. Mfereji ambao maji yanakatika kabla ya kufika mwisho, huko mtanasa kwenye matete. Mwende na ule ambao maji yanatambaa taratibu na yanafika. Jana, nilipojikokota hadi chini kumimina, palikuwa na mmoja. Kesho sijui kama utakuwepo. Kwetu mwenye elimu hii huikabidhi siku anapokufa tu, asiwepo mtu wa pili wa kubishana naye katikati ya mto, ndiyo maana nimeikalia mpaka leo, na mwili huu umekaribia kunisaliti.

Mtumbwi ni wa Justa, pamoja na pondo la kuusukumia, kwa maana mikono yake ni ya baba yake. Kibuyu ni cha Polikarpo, kwa maana ana subira ya kutazama. Najua mnachofikiri. Mtumbwi bila kibuyu utawapeleka kwa viboko, na kibuyu bila mtumbwi ni cha kunywea togwa. Nimegawa hivyo kwa makusudi. Tangu vita hamjasemezana. Justa, unasema mdogo wako alijificha kwa mapadri kaka yake akifa. Basi lisikie hili. Asubuhi ile ya kuondoka kaka yenu alipita hapa, akanishika mkono, akaniambia, "Mama, nimefurahi kwamba mmoja wetu haendi." Ni maneno yake, siyo yangu. Kama yeye alifurahi, wewe unakasirika kwa niaba ya nani?

Ngojeni… nipumzike. Bado unagonga? Bado.

Chini ya kichwa changu kuna kifuko. Ni mbegu ya mpunga. Ndiyo, muda wote huu wa njaa nimeilalia, nikawaona mkichimba mizizi nikanyamaza, na mlipodhani nakula nilikuwa nawarudishia wajukuu sahani. Msinitazame hivyo. Mbegu hii isipikwe. Mvua zikianza, ipandeni kwa mama yenu mdogo, pembeni mwa maji.

Na jiwe, mtu akiwauliza, mwambieni ni la kuanikia samaki.

Leteni nyuso. Nipeni maji kidogo mdomoni… niwapulizie baraka. Justa. Polikarpo. Na watoto, mmoja mmoja, hata huyu mchanga. Mto uwapitishe. Waliotangulia wawapokee ninyi wageni ng'ambo kama wenyeji. Mzae, mle, msahau njaa.

Sasa ondokeni. Hapana, msiningoje. Nimewaondolea matanga, nimewaondolea kunyoa, nimewaondolea kaburi. Mkiningoja nife maji yatakwisha, nami sitaki… sitaki kufa huku nimewazuia. Polikarpo, shuka ukamimine. Justa, mfuate, mshikie kibuyu.

Nilazeni upande wa nguzo. Nataka kuusikia mtumbwi ukigonga. Na ukinyamaza… nijue umenyamaza kwa sababu mmeufungua.

Nendeni. Bado unagonga.