Mtandio wa Hariri Uliomwagikiwa Chai

Amani kwenu, ndugu zangu. Mnivumilie, nitasema nikiangalia chini, maana wengine humu mlikuwepo kwenye ile sherehe na mliona.

Mnajua nilivyokuwa nikijigamba. Pale karakana yetu Kimisagara tunatengeneza kitambaa cha hariri kisichofumwa: tunachambua vifukofuko vya viwavi, tunatandaza nyuzi, tunanyunyiza maji, tunakandamiza kwa chuma cha moto. Gundi ya viwavi wenyewe inashika kila kitu. Nilikuwa nakata kipande, naning'iniza kidumu cha maji, hakichaniki, halafu naita majirani waje waone. Nawaambia, nilikipima kikiwa kikavu tu. Wenzangu waliposema tukiloweshe, niliwacheka: "Mtandio wa sherehe nani anaupika?"

Basi siku ya gusaba, ile ya kuposa, shangazi wa binti anayeposwa akavaa mtandio wa kitambaa changu, na wakwe wameketi mbele yake. Mhudumu akajikwaa, chai ya moto ikamwagika begani. Namshukuru Mungu hakuungua sana. Lakini alipojipangusa, mtandio ukamtoka vipande vipande mkononi. Gundi ilikuwa imeyeyuka. Wakwe wakacheka. Na mimi, niliyekaa nyuma, nikatoka kimyakimya. Hata pole sikumpa, jamani. Hiyo ndiyo aibu yangu, siyo kitambaa.

Nikaacha kwenda karakana, sipokei simu. Siku moja nafungua mlango, ni yule shangazi, na vile vipande amevitia kwenye mfuko.

"Mwana wanjye, mwanangu, mimi haiko na hasira," akasema. "Nataka ingine. Lakini chai utamwaga wewe, mbele yangu."

Nililia kabla sijamkaribisha kiti.

Nikarudi kwa wenzangu kuomba radhi. Safari hii tulizichomachoma nyuzi kwa sindano zenye meno, zishikane zenyewe bila kutegemea gundi. Kila kipande tulikimwagia chai ya moto kwanza, ndipo tukaning'iniza kidumu. Vingi vilichanika huku shangazi anatazama, uso wangu unawaka. Mwishowe kimoja kikashika. Tena gundi ilipotoka, kikawa laini kuliko vyote vya mwanzo.

Asanteni wenzangu niliowacheka. Asante mama uliyenifuata nilipokukimbia. Na wewe unayejisifia kazi yako, kaipime pale pale unapoogopa.

Mtandio mpya shangazi ameuvaa leo, yuko humu ndani. Tukitoka kuna chai. Nitagawa mimi, na nitaanza na yeye.