Bwana Gramu, Aliyehakiki Kila Kitu Mara Mbili

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Gramu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, akiwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe. Akiwa na umri wa miaka minne alivuta kitambaa cha meza, sufuria ya uji wa moto ikamwagikia kisogoni. Alipona, lakini nyuma ya sikio la kushoto lilibaki kovu la ukubwa wa kiberiti, lisiloota nywele. Naomba mlikumbuke kovu hilo.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia 1958, kisha sekondari, ambako alisimamishwa wiki moja kwa kudai kwamba kikombe cha jikoni cha kupimia maharage kilikuwa kimebonyezwa kitako. Mwalimu mkuu alikagua baadaye. Kweli kilikuwa kimebonyezwa.

Mwaka 1973 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani na vipimo, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu Machi 2011. Alitembea sokoni na mawe yake ya chuma ya kupimia ndani ya sanduku la mbao, kila jiwe limefungwa kwa kitambaa ili jasho la mikono lisilitie kutu. Kanuni yake ilikuwa moja: hakiki mara mbili. Asubuhi alipima mizani ya mtu akaisifu, jioni akarudi bila hodi na kuipima tena. Mlioketi hapa na kucheka sasa hivi, najua ni nani kati yenu walikamatwa jioni.

Mama yetu alimpata kwa njia hiyohiyo. Mwaka 1977 marehemu aliifungia mizani ya duka la mkwewe mtarajiwa kwa sababu ilikuwa inazidisha gramu ishirini kwa mteja. Binti wa duka akamwuliza, "Sasa sisi tunaojipunja wenyewe, kosa letu nini?" Akajibu, "Mizani mbovu ni mbovu, hata ikimpendelea mgeni." Binti akamwambia mama yake kwamba mwanamume huyu hataiba hata punje ya chumvi. Walifunga ndoa tarehe 6 Mei 1978 na kujaliwa watoto watatu. Aliwapenda. Alipima maziwa yao pia.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na hapa nawaomba mnivumilie, kwa kuwa baadhi yenu mlisikia habari hii kwa namna nyingine.

Jumamosi, tarehe 8 Agosti 2015, marehemu alitoka kunyolewa, akagusa kovu lake na kukuta limelowa. Kinyozi wake alikuwa amemnyoa kwa miaka kumi na tisa. Marehemu hakuuliza mara mbili: alisema wembe mchafu. Mama akasema kikulacho ki nguoni mwako, nasi sote tukageuza macho kwa kinyozi.

Kinyozi alimwambia wazi, mbele yangu, "Mzee, hilo kovu nalijua kuliko wewe, maana wewe hujawahi kuliona. Mimi sijakukata. Kidonda kimetoka chenyewe, na sikipendi. Nenda hospitali."

Njiani kurudi nyumbani baba akasema, "Umemsikia mshtakiwa anavyomwelekeza hakimu?"

Akaanza kukusanya ushahidi. Kila Jumamosi kidonda kilipimwa kwa rula ndogo ya chuma, naye akaandika kwenye daftari. Milimita sita. Tisa. Kumi na nne. Ishirini na nne. Kilifanya gaga, gaga likabanduka, kikavuja damu, kingo zikainuka na kuwa ngumu. Mkono ulioshika rula ulikuwa wangu. Duka la dawa lilimpa marhamu. Akaipima, akakuta imepungua gramu mbili, akaanza kulishuku na duka la dawa. Kwa mwaka mmoja na nusu tulikipima kidonda kwa uangalifu ambao haukuwahi kutupeleka kwa daktari hata siku moja.

Februari 2017 alimshtaki kinyozi kwa kamati ya soko. Barua ilikuwa ya kurasa tatu, nami ndiye niliyeiandika. Ilisomwa kwa kipaza sauti, soko zima likisikia. Mwenyekiti wa kamati, muuguzi mstaafu, aliomba daftari. Alifungua kurasa polepole, akavua miwani.

"Wembe hukata siku moja," alisema. "Hiki kimekua mara nne. Kidonda kisichopona mwezi mzima hakisubiri kamati, na kikiwa juu ya kovu la moto ndiyo kabisa. Mzee, hii si kesi. Huu ni ugonjwa."

Hospitalini walikata kipande kidogo wakakipima. Ikawa kansa ya ngozi, aina inayoanzia tabaka la juu, ambayo huota penye jua kali la miaka mingi au, kama kwake, ndani ya kovu la zamani. Daktari alieleza kwamba wembe hauhusiki. Baba akamwuliza, "Mna hakika mlipima kipande changu?" Akadai maabara ya pili, wiki tano zikapita, jibu likawa lilelile. Daktari alisema kansa hizi nyingi zikiwahiwa hukatwa zikaisha. Ya kwake ilikuwa imeshafika kwenye tezi za shingo.

Asubuhi ya upasuaji, tarehe 12 Juni 2017, alitakiwa anyolewe nyuma ya sikio. Alimkatalia muuguzi: "Wembe huo sijaukagua." Kisha akanituma nikamlete kinyozi. Nilimkuta akinyolea kibarazani kwa dada yake, mtaa wa pili, kwa kuwa kiti chake sokoni hakikukaliwa tena na mtu tangu barua ile isomwe. Alikuja bila kuniuliza lolote. Alitoa wembe mpya katika karatasi yake, akamwinulia baba.

"Kagua, Mzee."

"Nyoa tu," baba akasema.

Walikata kidonda na nyama iliyokizunguka, wakaziba kwa ngozi ya paja, wakaondoa tezi. Ukafuata mwezi wa mionzi, na huko baba alimwuliza mtaalamu mashine yake ilihakikiwa lini. Akaonyeshwa cheti, akalala kwa furaha. Aliishi vyema karibu miaka miwili. Kila Jumamosi alikwenda kunyolewa kibarazani, akidhani watu wataona na kuelewa. Hamkuelewa. Shutuma ilisomwa kwa kipaza sauti. Kufutwa kwake kulifanyika kimyakimya ofisini, na wateja hawakurudi. Machi 2019 kansa ilionekana kwenye mapafu. Alifariki nyumbani tarehe 3 Oktoba 2019, saa tatu asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Nasema kwa kinywa changu, kwa sababu niliandika kwa mkono wangu: tulimdhulumu mtu. Mtu wa kwanza kuuona ugonjwa wa baba ndiye tuliyemsingizia kuwa ameuleta. Naona aibu, na nyinyi mliohama kiti chake nawaachia sehemu yenu.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na kinyozi wake, ambaye leo ameketi safu ya nyuma karibu na mlango kama mtu asiyejua iwapo amekaribishwa. Njoo mbele, kaka. Kiti chako kiko hapa na familia.

Juzi nilifungua daftari. Chini ya kipimo cha mwisho baba ameandika mstari mmoja, akaugongea muhuri wake wa zamani, ule wa kuthibitisha mizani isiyo na kosa, na pembeni akaongeza: usomwe kwa sauti. Nausoma.

"Kinyozi hana kosa. Nimehakiki mara mbili."

Pumzika kwa amani, baba. Wamesikia.