Kiganja cha Idd Nondo

Kijiwe chetu kiko Kilwa Masoko, nyuma ya ghala la ufuta, penye benchi la mninga lililong'arishwa na makalio yetu kuliko msasa wa fundi. Kahawa anamimina Khamisi, chungu, haina huruma na mtu. Jumamosi ile baada ya alasiri tulikuwepo Antena, mfunga madishi, anayejua kila kinachopita hewani, Mzani, karani wa kupima magunia ghalani, Klementi wa Kiranjeranje, tunayemwita Shuhuda kwa kuwa hakuna jambo duniani ambalo hakuliona kwa macho yake, na mimi. Saa kumi na moja na nusu Idd Nondo, mpakiaji wa ghala letu, angeingia kwenye kizimba cha waya huko Dar es Salaam kupigana na mtu wa mieleka anayejiita Chatu. Idd ni wa ngumi. Simu ya Antena ilishaegemezwa kwenye kopo la kashata, pambano lingerushwa mubashara, na sisi tulishaanza kulimaliza kabla halijaanza.

Antena: Raundi ya kwanza haiishi. Nondo anaachia mkono wa kulia, Chatu analala, watu wanarudi makwao.

Mzani: Analala kwa ngumi ipi? Jamaa anamsukuma mpaka kwenye waya, anamkumbatia kiuno. Hapo ngumi inapitia wapi?

Antena: Kabla hajakifikia hicho kiuno kashakula mbili za taya.

Mzani: Lakini nguvu Nondo anazo, hilo sikatai. Twende kwa hesabu. Gunia la ufuta kilo mia. Nondo anapakia lori zima peke yake. Chatu ana kilo sabini. Kwa Nondo huyo si mtu, ni gunia pungufu.

Klementi: Gunia halikuzungushii miguu shingoni, bwana.

Mzani: Sasa wewe uko upande gani?

Klementi: Upande wa niliyoyaona. Chatu nimemwona kwetu Kiranjeranje, anakula mbuzi, hivi na hivi, kwa macho yangu. Hapigani yule. Anasubiri utoe pumzi, anakaza. Ukitaka kuvuta nyingine, nafasi hakuna. Dawa yake utelezi tu. Nimempa Nondo chupa ya mafuta ya ufuta.

Antena: We Shuhuda! Wapiganaji wanafutwa kwa taulo mlangoni!

Klementi: Nani kasema ya kupaka? Nimemwambia anywe. Wiki nzima. Raundi ya pili yanatoka na jasho, Chatu akishika anateleza.

Mzani: Akinywa wiki nzima, raundi ya pili kitakachotoka si jasho.

Tukacheka mpaka machozi, tukapiga benchi kwa viganja, pa pa pa, kama tulivyozoea tangu mwezi uliopita.

Mazoea hayo yananichoma, lakini nitayasema. Mwezi ule alipita mwalimu mmoja wa mieleka, akawaonyesha vijana mbinu ufukweni. Akamkamata Idd mkono, akaunyoosha. Idd akapiga mchanga mara tatu kwa kiganja, akaachiwa. Ndivyo mchezo ulivyo, aliyezidiwa hupiga chini, na mwalimu alimsifu mbele za watu. Sisi tuliokuwa tunatazama tulirudi hapa na jina jipya mdomoni: Bwana Samahani. Kila Idd alipokatiza na gunia mgongoni, tukapiga benchi, pa pa pa. Siku za mwanzo alicheka. Baadaye akaacha kuja kunywa kahawa.

Alhamisi, siku ya kusafiri, alikuja na begi lake. Akaweka viganja vyote viwili juu ya benchi hili, akasema, "Wallahi, mikono hii haipigi chini tena. Hata iweje." Tulisimama tukamshangilia. Mimi ndiye niliyelitunga lile jina, na mimi ndiye niliyeshangilia kuliko wote. Mjinga mkubwa mimi.

Ilikuwa imebaki robo saa hivi alipotokea Mwahija, mke wa Idd, kajifunga khanga kichwani, hatua za mtu aliyekuwa akikimbia akaona aibu. Kijiweni kwetu hakuwahi kukanyaga.

Mwahija: Shikamooni.

Mzani: Marahaba, shemeji. Karibu.

Mwahija: Simu yangu haishiki picha. Nimeona nije nitazame kwenu, samahanini.

Antena: Kaa hapa, shemeji. Kaa, unaona vizuri.

Klementi: Usiwe na wasiwasi kabisa. Yule Chatu mwenyewe nasikia ana nyonga mbovu...

Mwahija: Kaka zangu, nina swali, msinicheke. Hawa wa mieleka wakimkamata mtu, akizidiwa, inakuwaje?

Antena alijibu haraka, kwa vile anapenda kuulizwa.

Antena: Anapiga chini kwa kiganja. Mara mbili, tatu. Mwenzake anaachia palepale, refa anaingia, yamekwisha. Hakuna anayeumia.

Mwahija: Kweli?

Antena: Kweli kabisa.

Mwahija: Alhamdulillahi! Tangu juzi chakula hakipiti. Nasema mkono ule ukiharibika, msimu huu magunia atabebea nini? Kumbe akizidiwa anapiga tu chini.

Antena mwenyewe ndiyo kwanza alikumbuka kiapo cha Alhamisi, nikaona uso wake unashuka. Klementi, mwenye la kusema hata msibani, alikitazama kikombe chake. Mzani aliinuka, akazunguka upande wa mbele wa ghala na simu sikioni. Aliporudi alinitikisia kichwa. Simu ya Idd imezimwa. Wapiganaji huwa wanakabidhi simu zao.

Mwahija: Au siyo, kaka?

Alinitazama mimi. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema kweli, nami nilimwogopa mwanamke yule kuliko nilivyopata kumwogopa mtu yeyote.

— Ndiyo, shemeji, nikasema. Anapiga tu chini.

Pambano likaanza. Nondo alimpata Chatu mara mbili, mara zote kwa kulia, na Antena alisimama kwa mazoea, halafu akakaa mwenyewe. Ngumi ya tatu Chatu aliinama ikapita juu ya kichwa, akaingia miguuni, wakaanguka wote. Picha ikaganda. Iliporudi, mkono wa kulia wa Idd ulikuwa katikati ya mapaja ya Chatu, umenyooshwa, na Chatu anajilaza nyuma polepole. Mkono wa kushoto ulikuwa huru. Kiganja kiko wazi, juu.

Mwahija: Sasa si apige?

Klementi: Mafuta... ngojeni, mafuta yatatoka...

Alisema kwa sauti ndogo, hata yeye hakujiamini.

Mwahija: Idd! Piga, baba! Piga chini!

Sijui nani alianza. Nadhani ni mimi. Nilipiga benchi kwa kiganja, pa pa pa, Antena akapiga, Mzani akapiga, Klementi akapiga kwa mikono miwili, vikombe vikadondoka, kahawa ikatumwagikia miguuni, na sisi tunapiga tu. Idd alikuwa ameng'ata meno, anatazama moja kwa moja kwenye kamera. Kile kiganja hakikushuka. Refa aliruka kumtoa Chatu, lakini alikuwa amechelewa. Kiwiko cha Idd kilikuwa kimegeukia upande ambao kiwiko hakigeukii.

Antena akailaza simu kifudifudi.

Mwahija hakulia. Alikuwa ameacha kuitazama simu, anatutazama mikono, mmoja baada ya mwingine, maana tulikuwa bado hatujaacha.

Mwahija: Mbona mnapiga ninyi?

Mikono ikatulia. Khamisi akainama kuokota vikombe.