Karai Halitui Chini: Maisha ya Haidar Majaliwa Bwanausi

Mashehe wetu, wazee wa Mlingotini, majirani, wafanyakazi wenzi wa marehemu, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, assalamu alaykum. Kabla jeneza halijainuliwa, familia imenituma mimi, Abdillah, mdogo wake, nisome maisha ya kaka yetu, na nitasoma kwa ufupi, maana mwenyewe hakupenda maneno mengi zege likiwa limeshachanganywa.

Marehemu Haidar Majaliwa Bwanausi alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Mlingotini, mtoto wa nne wa Mzee Majaliwa na Bi Esha, akasoma Qur'ani chuoni hapa hapa kijijini, akaanza shule ya msingi mwaka 1980 na kumaliza darasa la saba mwaka 1986, akiwa hodari wa hesabu na mzito wa kuamka, tabia ambayo aliiacha ukubwani, tena kwa shida.

Mwaka 1989 alijiunga na vibarua wa zege mjini Bagamoyo, kundi la rafiki yake Muharami, ambao walijipanga mstari kutoka chini hadi juu ya jengo wakipokezana makarai ya zege kwa mikono, Muharami akiwa wa kwanza, anayejaza, na Haidar akiwa wa mwisho, anayepokea na kumwaga. Sharti lao lilikuwa moja, karai likishaondoka halitui chini mpaka limfikie Haidar, na atakayelitua awanywishe wenzake chai. Kwa jasho hilo alijenga nyumba, akamuoa Bi Arafa wa Zinga tarehe 9 Mei 1998, na Mwenyezi Mungu akawajaalia watoto watatu, Wahida, Bilali na Ashatu.

Mwaka 2010 aliajiriwa na kampuni moja ya magari ya kupampu zege kule Bunju, akaanza kwa kuosha mabomba, na mwaka 2012 akakabidhiwa gari lenyewe, lile lenye mkono mrefu unaokunjuka ukapeleka zege ghorofa ya tatu huku watu wamesimama wanatazama. Alilipenda gari lile kupita kiasi, hata Bi Arafa akawa anawaambia mashoga zake kwamba kaletewa mke mwenza mwenye matairi, naye marehemu hakukanusha.

Lakini kazi hiyo hiyo iliyomfurahisha ndiyo iliyomliza. Tarehe 6 Julai 2013, alipofika Zinga kumwaga slabu ya jengo la maduka, alilikuta kundi lake la zamani limeketi mchangani mbele ya lango, kwa kuwa kazi ya siku ile walikuwa wameahidiwa wao. Muharami hakutukana, alilitua karai lake chini, mbele ya tairi, akasema, "Haidar, umekuja na mkono mmoja kuiondoa mikono yetu yote." Haidar alizima injini, zege likingoja juani, akamfuata mwenye jengo, akamwambia kuwa hataunyanyua mkono wa pampu mpaka watu wale wapewe kazi, kwani mpira wa kutolea zege unataka wa kuushika, na zege linataka wa kulisambaza na kulisawazisha. Mwenye jengo akakubali, na tangu siku ile, kila pampu yake ilipokuja upande huu wa pwani, watu wa mstari walikuwa nayo. Wote walipanda juu isipokuwa Muharami, ambaye aliliacha karai pale pale, akahamia Kiwangwa kulima mananasi.

Kaka aliliokota, akaliweka nyuma ya kiti cha gari miaka yote. Kila Idi alituma salamu Kiwangwa, zisijibiwe, na jambo hilo lilimuuma waziwazi, akisema kwamba kazi aliwatafutia wenzake, ila pampu haina mtu wa kwanza, na nafasi ya Muharami hakuweza kumrudishia.

Januari 2023 aligunduliwa kuwa na maradhi ya figo, akaacha kazi, akarudi nyumbani na karai lake. Novemba mwaka jana, bila ya kuitwa, Muharami aliingia na kikapu cha mananasi, akaketi ukingoni mwa kitanda. Kaka akaagiza karai liletwe. Muharami alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akaikwangua kutu kwa ukucha, akasema, "Mimi ndiye niliyelitua. Chai yenu ninayo." Akamtuma Bilali chai ya nyumba nzima, wakacheka mpaka kaka akapaliwa, na kila Ijumaa baada ya hapo alikuja, hadi Jumatano tarehe 12 Februari 2025, marehemu alipotutoka baada ya adhuhuri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani mliompeleka hospitali kwa zamu bila ya kuombwa, wafanyakazi wenzake wa Bunju mliokuja na sare zenu za kazi, na zaidi Bi Arafa, ambaye hakumwacha hata siku moja. Hatuna cha kuwalipa, Mwenyezi Mungu awalipe.

Wosia wake ulikuwa mmoja, udongo wa kaburi lake upitishwe kwa mstari. Kule makaburini, watu wa mstari wamekwisha kujipanga, kutoka penye kifusi hadi kaburini, Muharami akiwa wa kwanza, na karai aliloshika ni lile lile. Kaka, nafasi yako ni ya mwisho, kama zamani, na safari hii halitatua chini mpaka likufikie. Lipokee, kisha upumzike kwa amani.