Bega la Mtu wa Nne

Jumamosi ya tarehe 7 Julai 1973, saa nne na robo asubuhi, watu kumi walijenga mnara wa miili katika uwanja wa mpira wa Kilwa Masoko: wanne chini, watatu mabegani mwao, wawili juu ya hao, na mmoja kileleni ameshika bendera. Bendera ilipokunjuliwa, goti la Ignasi, wa nne katika safu ya chini, lilimlegea. Kabla hajafika chini, mtu mwingine aliingiza bega mahali pake. Mnara haukuanguka. Watu walimiminika uwanjani kushangilia, na aliyeingiza bega akapotelea katikati yao bila kujulikana.

Wa kileleni alikuwa Leonadi, fundi cherehani, mtu wa Rondo, huko bara, kilo hamsini na mbili. Tangu siku hiyo kijiweni wakamwita Kilele. Wiki ile ile alishona shati jeupe kwa ajili ya mtu asiyemjua. Alilikata mabega mapana, kwa kuwa alifikiri anayeweza kuzuia mnara lazima awe na mabega mapana. Mwaka mzima shati lilikaa kwenye msumari juu ya cherehani. Likishika vumbi analifua, anapiga pasi, analirudisha. Hakutaka makubwa. Alitaka kusema ahsante na kumvisha mtu shati.

Alhamisi ya tarehe 27 Juni 1974, baada ya swala ya alasiri, alikuwa kijiweni na wenzake. Benchi lilitazamana na ukuta wa ghala la ushirika. Ukutani, mchoraji aliyeletwa kutoka Dar es Salaam alikuwa amechora ule mnara kwa mkaa, upate kupakwa rangi kabla ya Saba Saba. Nyuso tisa zilikuwa tayari. Ya kumi ilikuwa duara tupu.

— Lile yai linatutazama tangu juzi, — alisema Abdulatifu. Jina lake la kijiweni ni Redio. Hana redio, lakini habari zote anazo.

— Si wangetazama picha? — aliuliza Huseni, huku akimimina kahawa.

— Picha imeishia kiunoni mwa safu ya pili. Mpiga picha alikuwa anatafuta bendera.

— Basi mchoreni kipara, tuendelee na maisha, — alisema Bakary.

Bakary hushona nyavu, na huitwa Refa kwa kuwa hakuna ubishi anaouacha uishe bila yeye kutoa hukumu. Katika mazoezi ya mnara alikataliwa: mrefu mno kwa juu, mwembamba mno kwa chini. Akatangaza mji mzima kwamba mnara ungeanguka, na kwamba yeye hawezi kutoa bega lake kumbeba mtu wa bara. Siku yenyewe, kwa maneno yake, alikuwa pwani na nyavu zake.

— Hawezi kuachwa yai, — alisema Leonadi. — Yule ni mtu.

— Umeuliza mwaka mzima, Kilele. Hata cherehani yako imechoka kusikia.

— Wewe hukuwa juu, Refa. Mimi nilisikia upande wa kushoto unazama, kama mtu aliyekosea ngazi gizani. Nikawakumbuka wanangu wawili. Halafu mnara ukarudi. Taratibu tu, mtu ameurudisha.

Redio akaweka kikombe chini.

— Mimi nasema alikuwa mwanajeshi. Wale hufundishwa kubeba.

— Mwanajeshi angetaka nishani, — alisema Huseni.

— Basi alikuwa mtaalamu wa Kichina. Reli si wanajenga? Alikuja kutembea, akaona mnara unayumba, damu ikamchemka. Mchezo ule asili yake Peking. Kule wanapandana watu mia tatu. Na Berlin, ile ya wajamaa wenzetu, wanajaza uwanja mzima, kila mmoja na kitambaa chake. Wakivigeuza pamoja, panatokea uso wa kiongozi, na masharubu yake.

— Masharubu nayo ni watu? — aliuliza Huseni.

— Watu. Sitini hivi.

— Uongo mtupu, — alisema Refa. — Asili ya mnara ni Newala. Wamakonde wanachonga watu wamebebana kwenye gogo moja la mpingo, juu mpaka chini. Mchina amekiona kinyago melini, akaenda kufundisha kwao.

— Tangu lini hiyo?

— Tangu watu waanze kubebana. Na nikuulize, Redio, kwenye kinyago kile kuna anayeuliza wa chini anaitwa nani? Hakuna. Kazi yake kubeba.

— Mimi nauliza, — alisema Leonadi.

Refa akapuliza kahawa yake, ingawa ilishapoa.

— Haya, mnataka ukweli? Alikuwa jini wa Kilwa Kisiwani. Amechoka na yale magofu, akavuka kuja kutazama sherehe. Kazi ilipokwisha akarudi zake. Ndiyo maana hapatikani. Someni dua, funga mjadala.

Redio aliona wivu kwa kutolifikiria hilo. Alikuwa anatafuta kubwa zaidi wakati mchoraji alipovuka barabara, vidole vyeusi kwa mkaa. Aliitwa Stefania, wa umri wa miaka ishirini na mitatu hivi, na hakuwahi kukaa kwenye benchi lile.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti. Karibu kahawa.

— Ahsante, nitakunywa. Nina swali dogo. Kesho naanza rangi, na naanzia miguuni. Huyu wa nne alivaa nini miguuni?

Leonadi alitafuta kichwani, akakuta bendera, tarumbeta za bendi, na kipande cha bahari. Mji mzima ulikuwa pale, na mji mzima ulitazama juu.

— Chora miguu mitupu, — alisema Refa. — Wote walikuwa pekupeku, mwalimu wa mazoezi alikataza viatu.

— Wa timu, ndiyo. Huyu alitoka kwa watazamaji, — alisema Stefania. — Chuoni tulionyeshwa mabango ya michezo ya Moscow na Peking. Kila mtu katazama juu, na miguu yote ya aina moja. Sitaki kuchora hivyo. Hawa ni watu wa hapa, wana miguu yao.

— Katambuga, — alisema Kibibi.

Kibibi huuza kashata pembeni ya benchi, ameketi chini kwenye mkeka. Wanaume waligeuka kama sauti imetoka ardhini.

— Siku ile nilikaa hivi hivi na sinia langu, mbele ya kamba. Sisi wa chini tunaona miguu. Alipita, nusura amwage kashata zangu. Katambuga za tairi, na ya kushoto ukanda wake umefungwa kwa uzi wa nyavu, wa kijani.

— Mwaka mzima umejua, bi Kibibi? — aliuliza Redio.

— Mlikuwa mnauliza sura. Sura sikuiona.

— Katambuga za tairi, — alisema Redio. — Mchina yule yule. Wale hawana makuu.

Leonadi hakuwa anamsikiliza. Chini ya benchi, miguu ya Refa ilikuwa inarudi nyuma polepole, ya kushoto ikitangulia. Leonadi aliuona uzi wa kijani kabla haujaingia kivulini. Akapandisha macho. Fundi humpima mtu bila kumgusa, na Leonadi alipima: shingo, mikono, halafu mabega. Hayakuwa mapana. Yalikuwa mabega ya mtu wa kawaida, la kushoto limeshuka kidogo. Alijiuliza kama lilikuwa hivyo kabla ya Julai ile.

Alitaka kusimama. Alitaka kumshika mkono mbele ya watu wote. Lakini alimjua Refa, na alijua mji mzima ungemcheka kwa maneno yake ya mazoezini kabla ya kumshukuru. Akabaki ameketi.

— Refa.

— Nini?

— Lile shati. Naona nimelikata kubwa.

Refa alitazama ukuta.

— Mabegani?

— Mabegani. Nitapunguza inchi mbili.

— Na mikono, — alisema Refa. — Ifanye mifupi. Mirefu inanasa kwenye nyavu.

— Nitaifupisha. Huseni, mpe Refa kikombe changu.

Refa alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Redio aliuliza shati limeingiaje hapo, na Huseni akamjazia kahawa. Stefania alimtazama mmoja, akamtazama mwenzake, akaandika kitu kwenye daftari lake, akarudi ukutani.

Ukuta ulikamilika Ijumaa ya tarehe 5 Julai. Katika safu ya chini, watu watatu wako pekupeku na wametazama juu. Wa nne ameinamisha uso, na amevaa katambuga.

Jumapili ya tarehe 7 Julai 1974, saa mbili asubuhi, Bakary alifika kijiweni amevaa shati jeupe la mikono mifupi. Lilimkaa.